William Herschel: Mpiga Kinanda Aliyepima Miale Isiyoonekana

Mkoani Songwe ukitaja kimondo, watu hukumbuka Mbozi. Huko ndiko liliko jiwe kubwa la chuma lenye uzito wa takriban tani 16, na shule nyingi zimewahi kuwapeleka wanafunzi kulitazama. Wachache wanajua kwamba mkoa huohuo una kimondo cha pili, kidogo sana, ambacho katika maabara za dunia kinazungumzwa kuliko kile kikubwa. Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka Ivuna, eneo ambalo leo limo katika Wilaya ya Momba, kusini mashariki mwa Ziwa Rukwa. Uzito wake ulikuwa gramu 705. Kilo moja ya sukari ni nzito zaidi. Si donge la chuma kama kile cha Mbozi, bali ni jiwe jeusi, laini, lililojaa madini ya jamii ya udongo wa mfinyanzi, na madini hayo yameshika maji. Vimondo vya aina hiyo ni adimu, na kundi lake lote hupewa alama CI. Herufi I ni ya Ivuna.

Hapa linazuka swali. Jiwe ukilishika ni kavu, ukilivunja ni kavu, maji yako wapi na yanapimwaje? Watu wa Ivuna wana jibu moja la zamani. Wanaakiolojia waliochimba huko walikuta dalili kwamba watu walikuwa wakichemsha maji ya chemchemi ili kupata chumvi tangu karne ya 13 hivi. Mpika chumvi anajua kwamba moto huondoa maji na kuacha kilichobaki. Mkemia naye alifanya vivyo hivyo kwa miaka mingi: alipima uzito wa jiwe, akalichoma, akalipima tena. Kwa kimondo cha Ivuna njia hiyo inafaa, kwa kuwa maji yake ni zaidi ya sehemu 10 kwa kila 100 za uzito. Lakini yapo mawe mengine ambayo maji yake ni gramu chache tu katika tani nzima. Mawe hayo hutoka kwenye mantili, yaani tabaka nene lililo kati ya ganda la dunia na kiini chake. Hapo mizani hushindwa, na maji hutafutwa kwa miale ambayo jicho la binadamu haliioni.

Mtu wa kwanza kuipima miale hiyo hakuwahi kupima maji katika jiwe lolote. Alikuwa mwanamuziki wa kanisani. Wasifu wake unafaa kusomwa na mtahiniwa wa kidato cha nne, kwa sababu mada za mawimbi, elimu ya nyota na muundo wa dunia zinakutana ndani yake.

Friedrich Wilhelm Herschel alizaliwa tarehe 15 Novemba 1738 mjini Hanover, katika nchi ambayo leo ni Ujerumani. Baba yake, Isaac, alikuwa mpiga zumari katika bendi ya jeshi. Watoto wa nyumba hiyo walikua kati ya muziki na maongezi ya baba aliyependa kuwaonesha nyota. Akiwa na miaka 14, kijana huyo aliingia katika bendi ya baba yake. Mwaka 1757 majeshi ya Ufaransa yaliushinda upande wa Hanover katika vita vya Hastenbeck, na familia ikaona ni heri kijana aondoke. Akavuka bahari kwenda Uingereza, pamoja na kaka yake Jakob. Mfalme wa Uingereza wakati ule alikuwa pia mtawala wa Hanover, kwa hiyo si kwamba alikwenda kwa watu wasiomjua kabisa, ila mfukoni hakuwa na kitu. Alianza kwa kunakili nota za muziki kwa malipo. Huko ndiko alikoanza kuitwa William.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kutangatanga: kufundisha bendi hapa, kuongoza tamasha pale, kusafiri kwa farasi usiku kati ya mji na mji wa kaskazini mwa Uingereza. Alitunga simfoni 24. Mwaka 1766 alipata kazi ya kudumu katika mji wa Bath, akiwa mpiga kinanda wa kanisa. Bath ulikuwa mji wa matajiri waliokwenda kuoga katika chemchemi za maji moto, na mwalimu wa muziki aliyejituma hakukosa wanafunzi. Kwa kipimo cha siku zile, Herschel alikuwa amefanikiwa, na angeweza kubaki hapo.

Mwaka 1772 alirudi Hanover kumchukua dada yake, Caroline. Ni vigumu kumweleza William bila kumweleza Caroline, na vitabu vinavyojaribu kufanya hivyo vinamnyima haki yake. Alizaliwa tarehe 16 Machi 1750. Akiwa na miaka 10 aliugua homa kali iliyodumaza ukuaji wake, hata utu uzimani hakufikia mita moja na nusu. Mama yake alimwona kama mtumishi wa nyumbani, na hakukubali amwachie mpaka William alipoahidi kumlipia mfanyakazi wa kushika nafasi yake. Bath Caroline alijifunza kuimba, akawa mwimbaji mzuri wa sauti ya kwanza, hata akaitwa kwenda kuimba mji mwingine kwa malipo. Alikataa, kwani hakutaka kuimba chini ya kiongozi mwingine isipokuwa kaka yake. Muda si mrefu kaka huyo akaacha kuongoza waimbaji, akahamia kwenye nyota.

Ilianza mwaka 1773. Herschel alisoma kitabu cha elimu ya nyota, akakodi darubini ndogo, akaona haimtoshi. Bei ya darubini kubwa ilikuwa juu ya uwezo wake, hivyo akaamua kutengeneza mwenyewe. Darubini aliyoitaka haikutumia lenzi bali kioo kilichobonyea, na kioo cha wakati huo kilikuwa cha metali, mchanganyiko wa shaba na bati. Kilipaswa kusubiwa kwa mikono. Ukiondoa mkono kabla ya wakati, umbo linaharibika. Mara moja alisubu kwa saa 16 bila kupumzika, na Caroline akawa anamtia matonge mdomoni. Nyumba ya mwalimu wa muziki ikawa karakana: seremala sebuleni, tanuru kwenye chumba cha chini. Mwaka 1781 metali iliyoyeyuka ilimwagika sakafuni, mawe ya sakafu yakaruka kwa joto, na kila mtu akakimbilia mlangoni. Walipopona walianza upya.

Tarehe 13 Machi mwaka huohuo, kabla ya ajali hiyo, Herschel alikuwa kwenye bustani ya nyumba yake na darubini yenye urefu wa futi 7, yaani mita 2 na kidogo. Alikuwa akipitia nyota moja baada ya nyingine. Nyota moja haikuonekana kama nukta, bali kama duara dogo, na baada ya siku chache ilikuwa imesogea. Yeye mwenyewe alidhani ni nyotamkia. Wanahisabati wa nchi mbalimbali walipokokotoa njia yake waligundua kuwa ni sayari inayolizunguka jua mbali kupita Zohali. Tangu zama za kale watu walikuwa wamezijua sayari zinazoonekana kwa macho matupu tu, na hii ilikuwa ya kwanza kugunduliwa kwa darubini. Leo inaitwa Uranusi. Herschel alitaka kuipa jina la Mfalme George wa Tatu, na mfalme akapendezwa. Mwaka 1782 alimpa mshahara wa pauni 200 kwa mwaka ili aache muziki na kutazama nyota. Zilikuwa pungufu ya alizozipata Bath, lakini alikubali.

Wakahamia karibu na kasri la mfalme, mwishowe wakatulia mahali paitwapo Slough. Kazi ilifanyika kwa zamu ya usiku: William juu ya darubini akisema anachokiona, Caroline kwenye meza akiandika saa na mahali. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1783, kukiwa na theluji, Caroline alikimbia gizani kutekeleza agizo la kaka yake, akaanguka juu ya ndoana kubwa ya chuma iliyomchoma juu ya goti. Walipomtoa, kipande cha nyama kilibaki kwenye ndoana. Baada ya muda alirudi kazini. Kuanzia mwaka 1787 mfalme alimlipa pauni 50 kwa mwaka, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kulipwa kwa kazi ya sayansi. Aligundua nyotamkia 8. William alipomwoa Mary Pitt mwaka 1788, Caroline aliondoka katika usimamizi wa nyumba na kwenda kupanga chumba. Shajara zake za miaka iliyofuata alizichana mwenyewe, kwa hiyo uchungu wake tunaukisia tu.

Darubini kubwa kuliko zote aliyoijenga ilikuwa na urefu wa futi 40, yaani mita 12, na kioo chenye upana wa sentimita 120 hivi. Wageni walikuja kutoka mbali kuiona. Ukweli ni kwamba haikumsaidia sana. Ilikuwa nzito kuigeuza, na kioo chake kilipoteza mng'ao upesi. Kazi yake kubwa, orodha ya makundi ya nyota na mawingu ya angani yapatayo 2,500, aliifanya kwa darubini ya nusu ya urefu huo. Nalisema hili kwa sababu mitihani hupenda kuuliza juu ya darubini ya futi 40, na mtahiniwa huandika kwamba ndiyo iliyogundua Uranusi. Sivyo. Uranusi ilionekana miaka minane kabla haijakamilika.

Sasa tufike mwaka 1800. Herschel alikuwa na miaka 61. Alikuwa akilitazama jua kwa darubini, na ili asipofuke aliweka vioo vya rangi mbele ya jicho. Aligundua jambo dogo ambalo mwingine angelipuuza: baadhi ya vioo vilipunguza mwanga sana lakini jicho likaungua kwa joto, na vingine vilipitisha mwanga mwingi bila joto kubwa. Akajiuliza kama kila rangi hubeba kiasi chake cha joto.

Jaribio lake lilihitaji vifaa ambavyo shule nyingi za sekondari zinavyo. Aliweka mche wa kioo dirishani, miale ya jua ikapita na kutawanyika mezani kuwa rangi za upinde wa mvua. Akachukua vipimajoto vilivyopakwa rangi nyeusi kwenye tumba zao, kwa kuwa kitu cheusi hufyonza joto vizuri kuliko kinachong'aa. Kimoja alikiweka ndani ya rangi. Vingine aliviweka pembeni, nje ya rangi, ili vioneshe joto la chumba tu. Baada ya dakika 8, kipimajoto kwenye rangi ya zambarau kilipanda kwa nyuzi 2 za Fahrenheit juu ya vile vya pembeni, kwenye kijani kilipanda kwa nyuzi 3 na robo, na kwenye nyekundu kwa karibu nyuzi 7. Katika Selsiasi hizo ni takriban 1.1, 1.8 na 3.8.

Joto liliongezeka kuelekea nyekundu. Mtu mwingine angeishia hapo na kuandika matokeo yake. Herschel alikisogeza kipimajoto hatua moja zaidi, nje ya ukingo wa nyekundu, mahali ambapo mezani hapakuwa na rangi yoyote. Kikapanda. Kwa hesabu yake joto lilifikia kilele takriban nusu inchi nje ya rangi ya mwisho inayoonekana. Kulikuwa na miale pale, ilipindishwa na mche kama nyingine, ila jicho halikuweza kuiona. Jina la miale ya infraredi lilikuja baadaye. Yeye aliiita miale ya joto.

Ndugu mtahiniwa, angalia nafasi ya vile vipimajoto vya pembeni. Bila hivyo, mtu angeweza kusema chumba kilipata joto tu, au jua lilitoka wingu. Tofauti kati ya kipimajoto kilicho kwenye mstari na vilivyo nje yake ndiyo ushahidi wote wa Herschel. Ukiulizwa katika mtihani wa vitendo kwa nini kunahitajika kipimo cha kulinganishia, mfano huu unatosha.

Pia jihadhari na kosa ambalo lipo katika vitabu vingi. Kilele cha joto kuwa nje ya nyekundu hakimaanishi kwamba jua hutoa nishati nyingi zaidi hapo. Mche wa kioo huzibana rangi za upande wa nyekundu mahali padogo na kuzitawanya zile za upande wa zambarau, kwa hiyo kipimajoto upande wa nyekundu hupokea fungu kubwa zaidi. Herschel hakulijua hilo. Tena, kabla mwaka haujaisha alifikia hitimisho kwamba miale ya joto na mwanga ni vitu viwili tofauti. Miongo iliyofuata ilionesha kuwa ni mawimbi ya jamii moja yanayotofautiana kwa urefu tu. Aliamini pia kwamba juani kuna viumbe wanaoishi. Vipimo vyake vimedumu. Maelezo yake mengine yametupwa.

Mwaka 1802 alifanya jambo moja dogo zaidi. Wanaanga walikuwa wamegundua vitu viwili vidogo vinavyolizunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii, wakagombana kama viitwe sayari. Herschel alipendekeza viitwe asteroidi. Jina likabaki.

Alipewa cheo cha heshima na ufalme mwaka 1816, akafariki Slough tarehe 25 Agosti 1822 akiwa na miaka 83. Caroline alirudi Hanover na kuishi hadi mwaka 1848, akafariki akiwa na miaka 97. Mtoto wa William, John, alifika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1834 na kuorodhesha nyota za anga la kusini, zile ambazo baba yake hakuwahi kuziona.

Turudi kwenye maji ndani ya mawe. Haidrojeni ikishikana na oksijeni, kiungo chao hutikisika kama kamba ya fidla, na hutikisika kwa mdundo wake maalumu. Wimbi la infraredi lenye urefu wa karibu mikromita 3 lina mdundo huohuo, hivyo likipita penye kiungo hicho hufyonzwa. Mpimaji huchukua punje ya madini, huisugua pande mbili iwe bapa na angavu kama kioo cha dirisha, kisha hupitisha miale ya infraredi ndani yake. Kile kinachopungua upande wa pili kinaonesha kiasi cha haidrojeni, na kutoka hapo hukokotolewa kiasi cha maji. Kwanza hupima miale bila jiwe, kwa sababu hata mvuke wa hewani hufyonza. Ndicho kipimajoto cha pembeni kwa sura nyingine. Punje nayo hugeuzwa pande tofauti, kwani fuwele halifyonzi sawasawa kila upande.

Tanzania ina mawe ya kupimwa hivyo. Volkeno ya Labait, kaskazini mwa nchi, ilirusha juu vipande vya mantili vilivyotoka kina cha zaidi ya kilomita 100. Ndani yake mna olivini, madini ya kijani yanayofanana na rangi ya zeituni bichi, pamoja na piroksini. Watafiti walipopima olivini ya Labait walikuta maji yasiyofika gramu 40 katika tani moja. Piroksini ilikuwa na zaidi, hadi mamia ya gramu. Maji hayo si matone. Ni haidrojeni iliyojishikiza kwenye oksijeni ndani ya fuwele. Hata hivyo kiasi hicho kidogo hulainisha mwamba na kuufanya uyeyuke kwa joto la chini zaidi, na kwa sababu hiyo kinahusika na volkeno na mwendo wa mabamba ya dunia. Mtu akipima vibaya hapo, hesabu yake ya nguvu ya mwamba ulio chini ya Bonde la Ufa nayo inapotoka.

Mwezi Juni 2018 chombo cha Japani kiitwacho Hayabusa2 kiliifikia asteroidi moja ndogo iitwayo Ryugu. Kilikuwa na kifaa cha infraredi, na kifaa hicho kiliona pengo la ufyonzaji kwenye mikromita 2.72, alama ya haidrojeni na oksijeni zilizoshikana ndani ya madini. Desemba 2020 chombo hicho kilirudisha duniani gramu 5 na kidogo za mchanga wa Ryugu. Wanasayansi walipoulinganisha na vimondo vyote vinavyojulikana, kundi lililofanana nao kuliko mengine lilikuwa lile lenye jina la Ivuna.

Maswali

1. Kwa nini Herschel alipaka tumba za vipimajoto rangi nyeusi, na kwa nini aliweka vingine nje ya rangi?
2. Eleza kwa nini njia ya kuchoma na kupima uzito inafaa kwa kimondo cha Ivuna lakini haifai kwa olivini ya Labait.
3. Taja mambo mawili ambayo Herschel alikosea, na ueleze yalivyosahihishwa.
4. Kwa maneno yasiyozidi 100, andika wasifu mfupi wa Caroline Herschel.